Mzigo Nyuma ya Ukuta

Ukishika njia ya kutoka Baba Dogo kuingia Lucky Summer, hukawii kuona ardhi ikianza kuinama. Maghorofa ya kupangisha, nyumba za mabati na ploti ambazo hazijaguswa zinashuka pamoja kuelekea mabonde yanayopeleka maji kwenye Mto Nairobi, jirani na Korogocho na Dandora. Ploti ni ndogo na kila futi ina bei yake. Kwa hiyo anayejenga hukata ardhi upande wa juu, akajaza upande wa chini, akapata uwanja ulio sawa wa kuweka nyumba, tangi la maji na kamba ya kuanikia nguo. Kati ya uwanja wake na wa jirani hubaki ngazi ya udongo yenye kimo cha mtu, na hapo ndipo ukuta hujengwa.

Mara nyingi ukuta wenyewe ni ule ule ambao fundi angeujenga kuzuia wezi: mawe yaliyokatwa kwa mashine, unene wa inchi tisa, safu juu ya safu hadi juu. Januari unasimama wima. Landilodi anaupiga plasta, anaupaka rangi, anatafuta wapangaji. Kitu ambacho haoni ni kwamba Januari ukuta huo haubebi karibu chochote.

Udongo mkavu wa mfinyanzi hujishikilia wenyewe. Maji machache yaliyobaki ndani ya vinyweleo vyake huzivuta chembe zikakaribiana, na mvuto huo una nguvu kuliko watu wanavyodhani. Ndiyo maana mtaro uliochimbwa wakati wa kiangazi huweza kukaa wiki nyingi kingo zake zikiwa wima, bila mbao wala chuma cha kuzizuia. Mvua ya Machi ikianza kuzama ardhini, mvuto ule hulegea, kisha hupotea. Hapo udongo huanza kuuegemea ukuta, na fundi aliyeujenga alishalipwa zamani akaenda zake.

Uzito wa kuegemea huko unaweza kuhesabiwa. Charles-Augustin de Coulomb, ambaye wanafunzi wengi humkumbuka kwa sheria ya umeme, alianza kazi akiwa mhandisi wa jeshi la Ufaransa na alikaa miaka minane hivi katika kisiwa cha Martinique akijenga ngome. Kuta za kuzuia udongo zilimsumbua, na mwaka 1773 aliwasilisha jijini Paris andiko lililoeleza jinsi kabari ya udongo inavyoteleza na kuusukuma ukuta. Mwaka 1857 Mskoti William Rankine aliirahisisha hesabu hiyo, na hadi leo wahandisi wa Nairobi huanzia hapo.

Chukua ukuta wa mita mbili. Nyuma yake uweke kokoto au mchanga mkavu usioshika maji. Kwa kila mita moja ya urefu, ukuta huo utasukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 1.2. Sasa ziba kila njia ya maji, uache mvua ijae nyuma yake mpaka juu. Maji peke yake yatasukuma kwa tani mbili, na ukijumlisha na udongo uliomo ndani ya maji hayo unafika tani 2.5 hivi. Mzigo umeongezeka maradufu bila mtu kuongeza hata koleo moja la udongo. Kimo nacho kina ukali wake: ukuta ukiwa mrefu mara mbili, nguvu ya kuusukuma huwa mara nne, na nguvu ya kuupindua mara nane.

Ukuta wa inchi tisa wenye mita mbili kwenda juu una uzito wa tani moja hivi kwa kila mita ya urefu, na uzito huo umesimama juu ya kitako chembamba mno. Ukipiga hesabu ya kupinduka, hata mchanga mkavu usio na tone la maji huusukuma kwa nguvu ya kupindua iliyo mara saba ya ile ambayo uzito wa ukuta unaweza kuikinza. Kwa maneno mengine, kuta nyingi za aina hii zinasimama kwa hisani ya udongo wenyewe.

Hisani hiyo ina mwisho. Mei 2015, usiku wa mvua kubwa jijini Nairobi, ukuta uliangukia nyumba katika mtaa wa mabanda wa Mukuru na kuua watu kadhaa.

Lakini hesabu ya Rankine haielezi kila kitu, kwa sababu mfinyanzi si mmoja. Nairobi imekaa juu ya miamba ya volkano, na miamba hiyo imezaa udongo wa aina mbili ambazo tabia zake hazifanani hata kidogo. Upande wa magharibi, kuelekea Kikuyu na Limuru, ardhi iko juu na maji hupita. Kwa maelfu ya miaka mvua imeosha silika na chumvi nyingine, ikaacha udongo mwekundu wenye chuma na madini yaliyotulia. Upande wa mashariki, nyanda zikishuka kuelekea Embakasi na Athi River, maji hayana haraka ya kuondoka. Silika na magnesi hubaki palepale na kuunda madini yanayoitwa montimorilonaiti. Huo ndio udongo mweusi wa kotoni, unaonata kwenye gumboti wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Wakulima wa mpunga wa Mwea wanaupenda kwa kuwa unashika maji. Wajenzi wanauogopa kwa sababu hiyo hiyo.

Tofauti hiyo ilishawahi kuwahangaisha wataalamu wakubwa. Miaka ya 1950, wakati bwawa la Sasumua lilipokuwa likijengwa Nyandarua ili kuiletea Nairobi maji, mfinyanzi mwekundu uliokusudiwa kujengea tuta ulitoa vipimo vya ajabu: ulikuwa mwepesi na wenye maji mengi kupita ilivyozoeleka. Kwa vitabu vya wakati ule, udongo wa namna hiyo ulikuwa wa kukataliwa. Karl Terzaghi, mtu anayehesabiwa kuwa baba wa sayansi ya udongo wa ujenzi, aliombwa ushauri. Ilibainika kwamba madini yake, halosaiti, yalikuwa yamejikusanya katika vidonge vidogo vigumu, na vidonge hivyo viliufanya udongo uwe imara na upitishe maji kuliko jina la mfinyanzi linavyoonyesha. Terzaghi aliandika kuhusu bwawa hilo mwaka 1958, na Sasumua bado inaipelekea Nairobi maji. Fundi aliyezoea kujenga kuta kwenye udongo mwekundu wa Kikuyu, kisha akaitwa kazi Eastlands, upande wa mashariki, anaweza kuwa stadi kabisa na bado akashangazwa na kilichomo shimoni.

Udongo mweusi hausukumi kwa uzito tu, unavimba. Chembe zake ni vibapa vyembamba vya unene wa nanomita moja hivi, vilivyolaliana kwa wingi usiohesabika. Gramu 10 za montimorilonaiti safi, kiasi cha kijiko kimoja tu, zina eneo la uso linaloweza kuuzidi uwanja wa mpira. Maji hujipenyeza kati ya kibapa na kibapa na kuvitenganisha. Mfinyanzi mkavu uliobanwa usipate pa kuvimbia unaweza kusukuma kwa zaidi ya tani 10 kwa kila mita ya mraba, na hakuna ukuta wa ploti uliojengwa kukabiliana na nguvu kama hiyo.

Ujanja wake mbaya zaidi ni wa polepole. Kiangazi kikikolea, udongo hunywea na kuachana na ukuta. Ukichungulia juu utaona ufa mweusi nyuma ya mawe, wakati mwingine mpana wa kuingiza vidole. Vumbi, vijiwe na vipande vya plasta hudondokea humo. Mvua ikirudi, udongo unavimba kutaka kurudi mahali pake, lakini nafasi imeshachukuliwa na taka. Basi ukuta ndio unaosogea, milimita chache. Mwaka unaofuata ni hivyo hivyo. Kwa kuwa Nairobi ina misimu miwili ya mvua, masika kati ya Machi na Mei na vuli kuanzia Oktoba, ukuta hupata misukumo miwili kwa mwaka. Unaokuja kuanguka Aprili huenda ulianza safari yake miaka sita nyuma.

Dawa ya kwanza ni kutourudisha udongo ule nyuma ya ukuta. Ushauri huu humkera mwenye ploti, kwa sababu udongo uliochimbwa ni wa bure na lori la kokoto si la bure. Hata hivyo, ukanda wa kokoto wa angalau sentimita 30 nyuma ya ukuta, kuanzia chini mpaka karibu na juu, hufanya kazi mbili: hupitisha maji na huachia udongo mweusi nafasi ndogo ya kuhema. Kati ya kokoto na udongo huwekwa kitambaa cha kuchuja cha plastiki ili matope yasiingie na kuziba. Baadhi ya mafundi hutumia magunia ya katani badala yake, nayo huoza.

Chini kabisa, kwenye kitako cha ukuta, hulazwa bomba lenye matundu la kupeleka maji kando. Kisha ukutani hupitishwa mabomba mafupi ya inchi mbili, yakiinamia nje, safu ya kwanza juu kidogo ya ardhi ya upande wa chini na nafasi ya mita moja u nusu hivi kati ya bomba na bomba. Matundu haya yana siri yake ya kusoma. Yakitoa maji safi wakati wa mvua, mambo ni sawa. Yakitoa matope, udongo unahama. Yakikaa makavu huku uwanja wa juu umejaa maji, ni wakati wa kumwita mhandisi.

Ukuta wa mawe unaotegemea uzito wake hutaka kitako chenye upana wa nusu hadi theluthi mbili za kimo chake, yaani mita moja na zaidi kwa ukuta wa mita mbili, na msingi uliopita udongo mweusi mpaka kwenye muramu au mwamba. Asiye na nafasi hiyo atahitaji zege lenye nondo, kwa michoro ya mhandisi. Mwenye nafasi anaweza kujenga gabioni, vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, vinavyopitisha maji vyenyewe na kupinda kidogo bila kupasuka. Au agawanye kimo. Kuta mbili za mita moja moja, zikiachana vya kutosha, hubeba kwa jumla nusu tu ya nguvu ambayo ukuta mmoja wa mita mbili ungebeba. Wenyeji wa Machakos wanaijua hekima hii kwa jembe: matuta ya fanya juu, ambayo mkulima hupata kwa kuchimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu, yamegawanya milima ya Ukambani kuwa ngazi ndogo ndogo.

Kuna chanzo cha maji ambacho hata wajenzi makini hukisahau: paa. Mvua ya milimita 50 ikinyeshea paa la mita 10 kwa 10 hutoa lita 5,000. Kama mifereji ya paa imekatika, au bomba lake linamwaga nyuma ya nyumba, maji yote hayo huingia ardhini hatua chache kutoka kwenye ukuta. Kuyaelekeza kwenye tangi ni kazi rahisi zaidi katika orodha yote hii, na maji ya bure hayakataliwi katika mtaa ambao bomba la maji linaweza kukauka siku nzima.

Kinachobaki ni jirani wa chini. Matundu ya ukuta humwagia maji uani kwake, maji ya rangi ya chai yanayochafua sakafu aliyotoka kuipiga deki, na si ajabu kukuta ameyaziba kwa simiti. Kwa kufanya hivyo amejiongezea tani zaidi ya moja kwa kila mita ya ukuta unaotazamana na mlango wake. Mfereji mmoja wa zege unaofuata kitako cha ukuta mpaka kwenye mtaro wa barabara humaliza ugomvi huo, na gharama yake ikigawanywa kati ya ploti mbili haifiki mbali. Lakini lazima wawili hao wakubaliane kabla msingi haujachimbwa, kwa sababu mfereji unahitaji futi moja ya ardhi, na futi hiyo lazima itoke kwa mmoja wao.