Maisha Baada ya Tiba ya Usikivu

Usikivu uliopungua kwa sababu ya nta, usaha au ngoma ya sikio iliyotoboka mara nyingi hutibika kwa dawa au upasuaji. Chembe za usikivu zilizomo ndani ya koklea, yaani sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti, zikifa, hata hivyo, hazioti tena. Kelele za mashine na uzee huziua polepole. Homa ya uti wa mgongo na baadhi ya dawa, kama jentamaisini, zinaweza kuziua kwa siku chache. Hapo mgonjwa hupewa shimesikio, yaani kifaa cha kukuza sauti, au hupandikizwa kifaa cha koklea ikiwa shimesikio haimfai. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 430 wanahitaji huduma ya namna hii. Kinachowafuata ni kazi ya miaka, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na ubongo.

Anayevaa shimesikio kwa mara ya kwanza husikia mambo aliyokwisha kuyasahau: nyayo zake mwenyewe, feni, sahani zinazogongana jikoni. Sauti yake humrudia kama anayesemea ndani ya pipa. Wengi hukatishwa tamaa katika siku hizi za mwanzo, wakakitupia kifaa kabatini, na hasara hiyo inasikitisha kwa sababu inaepukika. Anayekivaa tangu asubuhi hadi saa za kulala huzoea baada ya wiki kadhaa. Ubongo hujifunza upya kuiacha feni na kuyafuata maneno. Sokoni, ndani ya daladala au penye spika za harusi, shida hubaki hata baada ya miaka, kwani kifaa hakiwezi kuitenga kabisa sauti moja na kelele nyingine. Familia inayomsemesha mtu uso kwa uso, bila kupiga kelele, humsaidia sana.

Kifaa cha koklea ni jambo zito zaidi. Elektrodi zake, 12 hadi 22, hupeleka umeme kwenye neva ya usikivu zikifanya kazi iliyokuwa ya maelfu ya chembe. Mtu mzima aliyewahi kusikia huona sauti za mwanzo kuwa za kimashine, kisha maneno hueleweka kidogo kidogo, hasa katika mwaka wa kwanza. Muziki huchelewa, na kwa wengine haurudi vizuri.

Mtoto aliyezaliwa kiziwi hana kumbukumbu ya sauti ya kuanzia, kwa hiyo umri una uzito mkubwa. Anayepandikizwa kabla ya miaka 3 ana nafasi nzuri zaidi ya kupata lugha ya kusema. Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upasuaji huu mwaka 2017. Kabla ya hapo watoto walipelekwa India. Baada ya kidonda kupona huanza mazoezi ya usemi. Kila asubuhi mzazi husimama nyuma ya mtoto, mdomo usionekane, akatamka a, i, u, m, s, sh, moja moja. Mtoto huitikia kila anaposikia. Asipoitikia s wala sh kama alivyozoea, huenda kifaa kina hitilafu, na hugundulika kabla hajapoteza siku nzima darasani.

Kwa wazee faida huonekana kwanza katika maongezi: wanarudi barazani, wanapokea simu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023, uliofuatilia wazee 977 kwa miaka 3, haukuona tofauti katika kupungua kwa uwezo wa akili kwa kundi zima, ila kwa waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya upungufu huo, uwezo wa waliotibiwa usikivu ulipungua kwa kasi ndogo zaidi kwa asilimia 48.

Gharama nazo haziishi. Betri ndogo za shimesikio hudumu siku chache hadi wiki mbili hivi. Jasho na unyevu wa pwani huharibu kifaa, hivyo usiku huwekwa kwenye kopo lenye vidonge vya kukausha. Sehemu ya nje ya kifaa cha koklea hubadilishwa mara kadhaa maishani, na mwenye nacho lazima awaarifu madaktari kabla ya kipimo cha MRI, kwa sababu ana sumaku chini ya ngozi ya kichwa. Kikivuliwa wakati wa kuoga au betri ikiisha, mtoto hasikii. Ndiyo maana familia nyingi huendelea kutumia lugha ya alama pamoja na usemi.