Je, Wajua? Kisiwa cha Kungumanga Kilichobadilishwa na New York

Sogea, sogea hapa. Leo tunavuka bahari hadi Marekani ya kale, tangu haijaitwa nchi. Uko tayari? Twende!

Je, wajua kwamba mji mkongwe zaidi wa Wazungu unaokaliwa mpaka leo katika Marekani bara haukujengwa na Waingereza? Ni St. Augustine, Florida, na walioujenga ni Wahispania, mwaka 1565. Waingereza walipotia nanga Jamestown mwaka 1607, watoto waliozaliwa St. Augustine walikuwa watu wazima wenye watoto wao.

Na hao wa Jamestown walikiona cha mtema kuni. Walianza 104, wanaume na wavulana watupu. Wakaongezeka hadi kama 500, halafu ukaja msimu wa baridi wa 1609 na 1610. Njaa ilipoondoka, walikuwa wamebaki kama 60. Sitini tu!

Hii sasa itakufurahisha. Machi 1621, wahamiaji waliokuja na merikebu ya Mayflower wako Plymouth. Walikuja 102, na karibu nusu wameshazikwa. Mara anatokea mwenyeji mmoja, Samoset, anatembea moja kwa moja hadi katikati ya kijiji chao na kuwasalimu kwa Kiingereza! Alikuwa amejifunza kwa wavuvi waliokuja kuvua pwani ya kwao. Akishasalimu, akaomba bia.

Siku chache baadaye akamleta mwenzake, Tisquantum, aliyekijua Kiingereza kumshinda. Huyu alitekwa mwaka 1614, akapelekwa Hispania kuuzwa, akafika London, akatafuta njia mpaka akarudi kwao mwaka 1619. Alikuta nini? Kijiji chake, Patuxet, kimemalizwa chote na maradhi. Na Plymouth ya wageni ikaja kujengwa pale pale Patuxet. Kwa hiyo alipokuwa akiwafundisha kupanda mahindi, mwenyeji huyu alikuwa amesimama juu ya ardhi ya wazee wake. Hebu kaa na hilo kidogo.

Haya, kungumanga. Unaijua, ile ya kukuna kwenye pilau. Mwaka 1667 Waingereza na Waholanzi walimaliza vita na kukubaliana kila mmoja abaki na alichokamata. Waholanzi wakabaki na Run, kisiwa cha kungumanga huko Indonesia chenye urefu wa kama kilomita 3. Waingereza wakabaki na kisiwa kingine walichokuwa wamewanyang'anya Waholanzi. Kisiwa gani? Manhattan! Ndiyo, hiyo hiyo ya New York.

Je, wajua kuhusu Ayuba Suleiman Diallo? Alikuwa Mwislamu msomi kutoka Bundu, Senegal ya leo, akauzwa utumwani Maryland mwaka 1731. Akamwandikia baba yake barua kwa Kiarabu. Barua haikufika Bundu. Ilifika mikononi mwa Mwingereza aitwaye James Oglethorpe, naye akashangaa mno hata akafanya mpango wa kumkomboa. Ayuba akapelekwa London, na huko akaandika nakala 3 za Kurani nzima kutoka kichwani. Mwaka 1734 alikuwa amesharudi Afrika, mtu huru!

Usiondoke, kuna na hili. Mwaka 1721 ndui iliivamia Boston. Mchungaji Cotton Mather alikuwa na mtumwa Mwafrika aliyepewa jina la Onesimus, na miaka kadhaa kabla ya hapo Onesimus alimweleza jinsi watu wa kwao walivyojikinga: unachanjwa ngozi, unatiwa usaha kidogo wa mgonjwa, unaumwa kidogo, basi. Daktari Zabdiel Boylston akathubutu, akaanza na mtoto wake mwenyewe wa miaka 6. Watu wa mjini walikasirika hadi bomu likarushwa dirishani kwa Mather! Lakini sikia hesabu. Walioshikwa na ndui bila chanjo, walikufa kama 14 katika kila 100. Waliochanjwa, 2. Ilikuwa miaka 75 kabla ya Edward Jenner, anayesifiwa duniani kote kuwa baba wa chanjo, na elimu hiyo ilitoka Afrika. Ningependa kila mtoto wa shule alijue jina la Onesimus.

Phillis Wheatley je? Aliletwa utumwani Boston mwaka 1761, mtoto wa miaka 7 au 8 hivi, wakampa jina la merikebu iliyomleta. Kufika 1773 kitabu chake cha mashairi kilikuwa kimechapishwa London. Kwanza, lakini, waungwana 18 wa Boston walilazimika kutia saini kwamba kweli msichana huyu ndiye aliyeyatunga!

Na sasa shika hapa vizuri. Nakala za kitabu hicho zilipelekwa Boston na merikebu ya Dartmouth, moja ya zile zilizobeba chai. Chai ipi? Ile iliyomwagwa baharini usiku wa tarehe 16 Desemba 1773: makasha 342, zaidi ya tani 40, kwa muda wa kama saa 3. Na chai hiyo ya Waingereza ilitoka China. Vitabu vya Phillis viliteremshwa salama.

Tarehe ya uhuru wa Marekani ni ipi? Utasema 4 Julai. Kura ya kujitenga na Uingereza ilipigwa tarehe 2 Julai 1776! John Adams alimwandikia mkewe kwamba vizazi vyote vitasherehekea tarehe 2. Tarehe 4 ni siku maandishi ya tamko yalipopitishwa, na wengi hawakutia saini mpaka Agosti.

Siku 5 baada ya tamko, watu wa New York waliiangusha sanamu ya Mfalme George III akiwa juu ya farasi. Ilikuwa ya madini ya risasi, imepakwa dhahabu. Wakaiyeyusha ikatoa risasi za bunduki 42,088, za kuwapigia askari wa mfalme mwenyewe!

Adams huyo huyo na Thomas Jefferson, aliyeandika tamko, walifariki siku moja. Siku gani? 4 Julai 1826, miaka 50 kamili baada ya tamko, wakipishana kwa saa chache tu. Na James Monroe akafariki 4 Julai 1831. Kati ya marais 5 wa kwanza wa Marekani, 3 waliondoka siku hiyo hiyo ya mwaka.

Wamekuambia George Washington alikuwa na meno ya mbao? Si kweli. Siku anaapishwa kuwa rais, tarehe 30 Aprili 1789, alikuwa amebakiwa na jino lake 1 tu. Meno yake ya bandia yalichongwa kwa meno ya kiboko, yakachanganywa na meno ya watu. Daftari lake la hesabu la mwaka 1784 linaonyesha malipo ya meno 9 ya Watu Weusi. Tisa.

Watumwa wake nao hawakukaa kusubiri. Ona Judge alitoka nyumbani kwa rais huko Philadelphia jioni moja ya Mei 1796, familia ikiwa mezani inakula, akapanda jahazi hadi New Hampshire. Rais wa nchi alituma watu wakamrudishe, wakashindwa! Aliishi hadi 1848.

Na Harry, aliyezaliwa upande wa mto Gambia? Alimtoroka Washington mwaka 1776, akajiunga na Waingereza waliowaahidi watumwa uhuru. Vita vilipoisha akachukuliwa hadi Nova Scotia, Canada. Mwaka 1792 akapanda moja ya merikebu 15 zilizowabeba Weusi kama 1,200 kurudi Afrika, wakaanzisha Freetown, Sierra Leone. Jina alilokuwa akilitumia? Harry Washington!

Twende upesi. Mwaka 1777, wakati vita vya uhuru bado vinaunguruma, Sultani wa Morocco alitangaza kwamba merikebu za Marekani zinakaribishwa bandarini kwake. Dola ya Afrika ilikuwa miongoni mwa za kwanza kabisa duniani kuitambua Marekani.

Mwaka 1803 wajumbe wa Marekani walikwenda Paris kununua mji mmoja, New Orleans, na bajeti ya dola milioni 10. Napoleon, ambaye majeshi yake yalikuwa yanachakazwa na watumwa walioasi Haiti, akawauzia Louisiana yote kwa milioni 15. Zaidi ya kilomita za mraba milioni 2! Weka Tanzania mbili humo, na nafasi inabaki. Mkataba una tarehe ya 30 Aprili.

Sequoyah, Mcherokee, hakujua kusoma lugha yoyote. Kwa miaka kama 12 alihangaika peke yake, na mwaka 1821 akatoka na alama 86 za kuandika Kicherokee chote. Mwaka 1828 taifa lake lilikuwa na gazeti. Miaka 10 baadaye serikali ikawafukuza kwenye ardhi yao: watu kama 16,000 walisukumwa kuelekea magharibi, kama 4,000 wakafa.

Nawe wa pwani, hii ni yako. Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Unguja, mwaka 1833, na balozi wake mdogo, Richard Waters wa mji wa Salem, akafika Unguja mwaka 1837. Mmarekani alimtangulia Mwingereza! Kitambaa cha merikani kikaja, pembe na sandarusi zikaenda. Kisha merikebu ya Sayyid, Sultana, chini ya Ahmad bin Na'aman, ikaenda yenyewe hadi New York na zawadi kwa rais: farasi, lulu, mafuta ya waridi. Sheria ilimkataza rais kuzipokea, farasi wakauzwa. Unajua iliingia New York lini? 30 Aprili 1840. Tarehe ile ile ya kiapo cha Washington na ya mkataba wa Louisiana!

Januari 24, 1848, dhahabu ilionekana California. Tarehe 2 Februari, Mexico ikatia saini kuiachia Marekani California na ardhi nyingine kubwa, kwa dola milioni 15, habari za dhahabu hazijafika kwa waliokuwa mezani. Siku 9!

Na jangwa la nchi hiyo mpya watalivukaje? Kwa ngamia! Mei 1856 jeshi la Marekani liliteremsha ngamia 34 bandarini Texas, kutoka Tunisia, Misri na Uturuki. Mmoja wa wachungaji walioletwa kuwatunza aliitwa Hadji Ali, na ulimi wa Wamarekani ukamgeuza Hi Jolly. Ukipita Quartzsite, Arizona, kaburi lake lipo: piramidi ya mawe, na juu yake ngamia wa shaba.