Mashindano ya Roboti Shuleni: Hesabu Mechi Kwanza

Mashindano ya roboti ya wanafunzi yamekuwa mengi, na yote yanagombea timu zilezile. FIRST, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1989 na mvumbuzi wa Kimarekani Dean Kamen, peke yake ina matatu kwa marika tofauti, ukiacha FIRST Global linalosimama kivyake. VEX nao wana ya kwao. World Robot Olympiad, inayofupishwa WRO, ilifanya fainali yake ya kwanza Singapore mwaka 2004. Kuna RoboCupJunior, kuna Robofest ya Michigan, kuna PARC ya Dakar. Mwalimu wa klabu ya sayansi wa Tunduma, Vwawa au Mlowo, mkoani Songwe, anayetaka kuchagua mojawapo huanza, karibu kila mara, na swali moja: lipi linawapeleka watoto nje?

Swali hilo ni bovu popote linapoulizwa, ila Tunduma linazidi kuwa bovu. Huko nje ya nchi ni ng'ambo ya barabara. Mtoto anaweza kwenda Nakonde, Zambia, na kurudi kabla uji haujapoa. Na kama maana ya nje ni kupanda ndege, basi hata uwanja wa ndege wenye jina la Songwe hauko mkoani Songwe, uko Mbeya. Jiografia inamsaidia mwalimu kuona jambo ambalo wenzake wa Dar es Salaam huchelewa kuliona: umbali wa fainali hausemi lolote juu ya ubora wa shindano.

Ajabu ni kwamba mwalimu huyohuyo halikosei jambo hili kwenye mpira. Anajua UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, inaanzia shuleni, inapanda wilayani, inafika mkoani, ndipo taifani. Hakuna mkuu wa shule anayeuliza mechi ya fainali itachezwa mji gani kabla ya kupata magoli mawili na mpira. Roboti ikitajwa, mantiki hiyo hutupwa, na ngazi nzima hurukwa kwenda kwenye picha ya bendera uwanja wa ndege.

Picha hiyo aghalabu hutokana na FIRST Global Challenge, lililoanza Washington Julai 2017. Shindano hilo halina timu za shule. Kila nchi hupeleka timu moja tu, ya vijana wa miaka 14 hadi 18, chini ya mratibu wa nchi. Shule ya Tunduma haiwezi kujisajili humo, kama timu ya kata isivyoweza kujisajili Kombe la Dunia. Mwanafunzi wa Songwe anaweza kuchaguliwa katika timu ya taifa, na hilo ni jema kwake, lakini klabu aliyotoka haijachagua shindano kwa sababu hiyo. Wanaodhani safari hiyo ni ya Marekani daima wamekosea pia: lilihamia Mexico City 2018, Dubai 2019, Geneva 2022, Singapore 2023, Athens 2024 na Panama 2025.

Halafu kuna barua ya mwaliko. Inafika shuleni kwa barua pepe, ina nembo ya kung'aa na neno dunia au olimpiki katika jina, na inasema shule imechaguliwa. Imechaguliwa kwa lipi? Shule haijawahi kuonesha hata gari la betri. Chini kabisa ipo ada, kwa dola, kwa kila mwanafunzi na kwa kila mwalimu, pamoja na hoteli ya lazima. Anayealikwa bila kuchujwa anauziwa tiketi, na medali atakayorudi nayo ni risiti. Dalili zake hazijifichi: hakuna kanuni zilizochapishwa mapema, hakuna raundi ya nchi, hakuna orodha ya alama za miaka iliyopita, na kila mshiriki anarudi na nishani ya dhahabu, fedha au shaba. Kamati ya wazazi ikichangishwa kwa ajili ya barua ya namna hii, klabu ya roboti hufa mwaka unaofuata, kwa kuwa hakuna mzazi atakayechangia mara ya pili.

Hata shindano likiwa halali kabisa, hesabu ya safari inakataa. Katika FIRST LEGO League, mojawapo ya yale matatu ya FIRST, roboti hupanda mezani rasmi mara tatu, kila mechi dakika mbili na nusu, na alama inayobebwa ni ile ya juu kuliko zote. Jumla ni dakika saba na nusu. Timu iliyovuka bahari bila kucheza nyumbani imelipia nauli ya watu wanane kwa dakika saba na nusu za mchezo, na kwa kawaida dakika tano za mwanzo huishia kwenye mshangao.

Mshangao huo una sababu zinazojulikana. Roboti inayojiendesha hutegemea mambo madogo ambayo darasani hayaonekani. Kihisi cha mwanga kilichozoea meza iliyo karibu na dirisha saa kumi jioni hakitambui mstari uleule chini ya taa za ukumbi. Roboti iliyoamriwa kwenda mbele kwa sekunde mbili hufika mbali betri ikijaa na huishia njiani betri ikishuka. Ndiyo maana timu iliyokomaa hupima mizunguko ya gurudumu na kuachana na sekunde. Matairi hushika vumbi, na mji ambao malori hupita usiku na mchana hauna uhaba wa vumbi. Tairi likiteleza kidogo kwenye kona ya kwanza, roboti itafika kona ya tatu ikiwa imeikosa kwa upana wa kiganja. Tiba zake ni za bei ya bure: kitambaa kibichi cha kufutia matairi, kupima upya mwanga asubuhi ya mchezo, kuiegemeza roboti kwenye ukuta wa meza ili ijinyooshe kabla ya kuendelea. Lakini hakuna mtoto anayezikumbuka kwa kusomewa. Huzikumbuka baada ya kushindwa mbele ya watu, mara kadhaa. Timu inayotimiza kazi rahisi mara tisa katika majaribio kumi huifunga ile inayotimiza kazi ngumu mara tatu, na tofauti hiyo hutengenezwa na idadi ya mechi.

Kwa hiyo kipimo cha kuchagulia ni hiki: timu itacheza mara ngapi kwa mwaka, kwa nauli gani, na kabla ya mtihani gani.

Ghana inatajwa sana kama ushahidi wa upande wa safari, na kwa kweli ni ushahidi wa upande wa pili. Wasichana wa shule ya Mamfe walishinda World Robofest mwaka 2019 huko Michigan, na habari ikaenea kama vile walishuka kutoka mbinguni. Nyuma yao kulikuwa na mashindano ya ndani ya nchi yaliyoendeshwa tangu 2011 na taasisi ya Ashitey Trebi-Ollennu, mhandisi Mghana wa NASA. Robofest ina desturi ya kufichua siku yenyewe kazi ambayo timu haikuwahi kuiona. Mtu hafaulu mtihani wa namna hiyo kwa sababu ya ndege aliyopanda.

Desturi hiyo ya kazi ya ghafla inamaliza pia dawa nyingine ya mtaani: roboti iliyopikwa. Shule huagiza mtaalamu wa mjini, naye huleta roboti iliyokwisha kuunganishwa na programu iliyokwisha kuandikwa, watoto wakabaki kubonyeza kitufe. Kwa miaka mingi WRO iliwataka wanafunzi wajenge roboti palepale ukumbini kutoka vipande vilivyotawanywa, na ina kanuni ya kushtukiza inayotangazwa asubuhi. FIRST LEGO League humkalisha mtoto mbele ya waamuzi na kumuuliza kwa nini mkono wa roboti ukawa upande wa kushoto. Humo alama za mezani ni robo tu ya tathmini; robo tatu zilizobaki ni mradi wa utafiti, usanifu wa roboti na namna wanatimu wanavyoishi pamoja. Roboti ya mtaalamu haijui kujibu maswali.

Suala la seti ya vifaa nalo hupewa uzito usiostahili, ingawa lina mtego mmoja wa kweli: seti humfunga mnunuzi. Mota za VEX haziruhusiwi FIRST LEGO League, wala tofali za LEGO haziendi mbali katika VEX. Shule iliyonunua kwanza imekwisha kuchaguliwa shindano na muuzaji. Na seti huzeeka. EV3 ya LEGO, iliyokuwa kila mahali, ilisitishwa 2021, na jina zima la Mindstorms likafungwa mwishoni mwa 2022; mashine bado zinatembea, ila vipuri ni vya kuwinda. Shindano kubwa la FIRST la sekondari, lenye roboti za uzito wa zaidi ya kilo 50 na ada ya msimu ya takriban dola 6,000, halihitaji mjadala hapa.

Kalenda ndiyo kigezo ambacho karibu hakuna anayekiuliza, na ndicho kinachovunja timu nyingi kuliko fedha. Misimu ya mashindano mengine mawili ya FIRST hufunguliwa Agosti na Septemba na kuvuka mwaka mpya. Ya VEX huanza mwezi wa tano hivi na kwenda hadi Aprili inayofuata. Mwaka wa shule Tanzania huanza Januari. Darasa la saba hufanya mtihani Septemba, kidato cha nne Novemba, na kidato cha pili hubanwa na upimaji wao kipindi hichohicho. Timu iliyoundwa Septemba kwa watoto wa kidato cha nne itafika Januari ikiwa haina watoto. WRO hutoa kanuni mwanzoni mwa mwaka na fainali yake huwa Novemba, hivyo inaoana zaidi na ratiba ya hapa. Kwa shindano lolote, uti wa mgongo wa timu uwe kidato cha kwanza na cha tatu.

Kwa Songwe, njia zilizopo zinapangika haraka. Kwanza ni ligi ya nyumbani, shule tatu au nne za Tunduma, Vwawa na Mlowo, zikicheza kila mwezi kwa zamu. Kanuni hazina haja ya kubuniwa. RoboCupJunior ina mchezo wa uokoaji ambamo roboti hufuata mstari mweusi juu ya vigae vyeupe vya sentimita 30 kwa 30, na haimlazimishi mtu chapa ya vifaa: bodi ya Arduino au micro:bit, mota mbili ndogo za njano za plastiki na vihisi viwili vya mwanga vinatosha kuanzia. Mzigo huo hufika kwa basi kutoka Kariakoo. Mstari ni utepe mweusi wa mafundi umeme, kigae ni ubao uliopakwa rangi, na mafundi simu wa Tunduma wanajua kulehemu waya kuliko mwalimu yeyote wa fizikia, waalikwe. Shule yenye seti ya LEGO imwagize seremala meza yenye vipimo vya ndani vya mita 2.36 kwa 1.14; kipimo hicho kinatumika FIRST LEGO League na WRO vilevile, kwa hiyo meza moja inahudumia yote mawili.

Mlango wa taifa upo bila kupitia kampuni yoyote ya nje. MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza 2019 chini ya wizara ya elimu, yana kundi la shule za msingi na kundi la sekondari, na roboti inayofanya kazi ya maana inaingia humo kama ubunifu. Young Scientists Tanzania, lenye maonesho tangu 2012 kwa mfano wa yale ya Ireland yaliyoanza 1965, hupokea miradi ya utafiti ya sekondari. Hapo swali la utafiti lina uzito kuliko magurudumu, na kipima unyevu cha kahawa ya Mbozi kingesikilizwa kwa makini kuliko roboti ya kucheza muziki. Msaada wa kitaalamu ulio karibu ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kama kilomita mia moja kutoka Tunduma. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 lakini basi halijui hilo.

WRO, VEX au FIRST yafuate baada ya msimu mzima wa ligi, na kwa maswali matatu kwa mwandaaji kabla ya shilingi kutoka: nani anaendesha raundi ya nchi, itachezwa wapi na tarehe gani, na timu itahakikishiwa mechi ngapi. Jibu la tatu likiwa chini ya tano, ligi ya nyumbani inashinda.

Na kwa wasiokubali mpaka watoto waende nje, ipo mechi ya kirafiki na shule ya Nakonde. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Oktoba 2019 kinawahudumia wasafiri wa pande zote mbili. Kinachohitajika ni barua ya mkuu wa shule, ridhaa za wazazi, hati za kuvukia, na orodha ya roboti, kompyuta na betri iliyogongwa muhuri forodhani wakati wa kwenda, ili jioni visionekane vimenunuliwa ng'ambo.