Tusimhukumu kipa kwa kuruka kwake

Katika kandanda ya shule zetu hapa Mombasa bara, kuanzia Likoni hadi Kisauni na Changamwe, yuko mchezaji ambaye aghalabu huchaguliwa mwisho. Wenzake wakishagawana nafasi za mbele na za kati, yeye aliyebaki husukumwa langoni. Akifungwa, lawama zote humwangukia. Akiruka na kudaka, hushangiliwa. Maoni yangu ni kwamba vigezo vyote viwili, cha lawama na cha sifa, vina kasoro, na kwamba walimu ndio wenye uwezo wa kuvirekebisha.

Nianze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Kiswahili kina neno "mlinzi" na kina "mlinda lango". La kwanza hujisimamia. La pili haliwezi: ukisema "mlinda" kisha ukanyamaza, msikilizaji atangoja umtajie kinacholindwa, kama ilivyo kwa mpiga ngoma au mfua chuma. Kisarufi, basi, kipa amefungwa kwenye lango lake. Sisemi kwamba neno ndilo linalomzuia kijana asitoke kwenye mstari. Lugha haina mamlaka kiasi hicho. Hata hivyo, sikiliza anavyoelekezwa na walio kando ya uwanja: "Kaa golini!" Amri hiyo hutaja mahali bila kutaja sababu.

Sababu zenyewe ni za hisabati. Chukua mshambuliaji aliye na mpira mita 11 mbele ya katikati ya lango, ambalo upana wake ni mita 7.32. Kipa akisimama mita 1 mbele ya mstari, upana anaopaswa kuuziba pale aliposimama ni takriban mita 6.65. Akisogea hadi mita 4, upana huo hupungua hadi mita 4.66 hivi. Hajaruka wala hajanyoosha mkono, na tayari amejipunguzia kazi ya karibu mita 2. Mwalimu anaweza kulidhihirisha jambo hili kwa kamba mbili zilizovutwa kutoka kwenye mpira hadi kwenye milingoti. Katika viwanja vyetu vya mitaa, ambavyo vingi ni vya mchanga au udongo mkavu, elimu hii ina faida nyingine: hatua tatu za mapema huokoa ngozi ya viwiko na magoti.

Bila shaka kusogea kuna gharama. Mpira waweza kuinuliwa juu ya kichwa chake, au kupenyezewa mshambuliaji wa pili. Wahenga walituachia methali mbili zinazopingana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Kipa huzibeba zote mbili, na huwa na nukta moja tu ya kuchagua ipi ifuatwe.

Tulinganishe makipa wawili waliosifika kwa kutoka langoni. Tarehe 23 Juni 1990, mjini Napoli, René Higuita wa Kolombia alijaribu kumpiga chenga Roger Milla wa Kameruni mbali na lango. Milla alimpokonya mpira akafunga, na Kolombia ikatolewa katika Kombe la Dunia kwa mabao 2-1. Tarehe 30 Juni 2014, mjini Porto Alegre, Manuel Neuer wa Ujerumani alitoka nje ya eneo lake mara kwa mara dhidi ya Algeria, akiwahi mipira iliyopigwa nyuma ya mabeki wake. Ujerumani ilishinda 2-1, ikaendelea hadi kutwaa kombe. Wote wawili walikuwa na ujasiri. Tofauti ni kwamba Neuer alitoka ili kuondoa hatari iliyokuwapo, akaiondoa upesi. Higuita alijitengenezea hatari ambayo haikuwapo, nyuma yake pakiwa hapana mtu.

Lakini kwa nini kipa aliyefundishwa vyema huchagua vibaya? Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na wataalamu wa Israeli unatupa fununu. Walichunguza penalti 286. Asilimia 28.7 zilipigwa katikati, lakini makipa walibaki katikati kwa asilimia 6.3 tu. Waliobaki waliokoa thuluthi ya mikwaju, ilhali walioruka waliokoa chini ya asilimia 15. Ni kweli kwamba idadi ya waliobaki ni ndogo. Hata hivyo, maelezo ya watafiti yanaingia akilini: kipa anayefungwa akiwa ameruka huonekana amejitahidi, na anayefungwa akiwa amesimama huonekana mzembe. Kwa hiyo huruka ili asilaumiwe.

Hapa ndipo walimu wanapohusika. Mwanafunzi anayezomewa kwa kila bao hujifunza kuwaridhisha watazamaji, wala hajifunzi kuamua. Ni yale yale tunayoyaona darasani: mwanafunzi anayeogopa kuchekwa huandika sentensi fupi alizozikariri, asithubutu kujenga yake. Baada ya mechi, kipa aulizwe maswali matatu: Ulisimama wapi? Uliona nini? Kwa nini ulitoka, au kwa nini ulibaki? Jibu likiwa na mantiki, asifiwe hata kama alifungwa. Akiokoa kwa bahati baada ya kusimama vibaya, aelezwe hivyo, makofi yakiisha.

Isitoshe, sheria zenyewe zimebadilika. Tangu mwaka 1992, kipa haruhusiwi kudaka mpira aliorudishiwa makusudi kwa mguu na mwenzake. Sharti ajue kuucheza na kuamua aupeleke wapi. Kumweka langoni mtoto asiyejua mpira ni kuishi nyuma ya sheria hiyo kwa zaidi ya miaka 30.

Mombasa haina uhaba wa mifano. Mahmoud Abbas, aliyepewa jina la "Kenya One", alilinda lango la Harambee Stars katika enzi ambayo Kenya ilitwaa Kombe la Chalenji mwaka 1981, 1982 na 1983. Farouk Shikalo alitoka Bandari akajiunga na Yanga ya Dar es Salaam mwaka 2019. Vipaji vipo. Tukiacha kumchagua kipa mwisho na kumlaumu kwanza, tutaviona vikichipuka katika viwanja vya shule zetu.