Maumivu ya Ugonjwa wa Kutetemeka Yanaweza Kupunguzwa

Katika vijiji vyetu vya Kyela, toka Ipinda mpaka Matema, wako wazee ambao mkono mmoja hutetemeka hata wakiwa wamekaa wametulia. Hutembea kwa hatua fupi fupi, wameinama, na uso hauonyeshi furaha wala hasira. Watu husema, "Ni uzee tu huo." Wengine hunong'ona kwamba mzee amelogwa, au amekunywa pombe toka asubuhi. Kumbe huenda ana ugonjwa unaojulikana. Unaitwa Parkinson, kwa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza kwa maandishi mwaka 1817.

Je, ugonjwa huu ni nini? Ndani ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza kitu kiitwacho dopamini. Kitu hiki husaidia ubongo kuamuru mwili uende vizuri bila kukwama. Kwa mgonjwa wa Parkinson chembe hizo hufa kidogo kidogo, mwaka hata mwaka. Ndiyo maana mwili huwa mzito, hukakamaa na kutetemeka. Ugonjwa huu hauambukizi. Kula naye sahani moja au kulala naye nyumba moja hakuna hatari yoyote.

Iko dalili moja ambayo sisi watu wa kisomo tunapaswa kuiangalia sana. Mgonjwa akiandika, herufi zake huanza kubwa, halafu hupungua na kupungua mpaka mwisho wa mstari hazisomeki. Usimcheke mwenzako darasani ukadhani amesahau kuandika.

Mwaka 2006 wataalamu waliutafuta ugonjwa huu katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Kati ya watu zaidi ya 160,000 walikuta wagonjwa 33. Wengi wa hao walikuwa hawajapata kuambiwa na mtu yeyote wanaumwa nini. Basi tusishangae kama na huku kwetu kando ya Ziwa Nyasa wapo wanaoumwa bila kujua.

Na siyo ugonjwa wa watu dhaifu. Wakubwa mnamkumbuka Muhammad Ali, bondia aliyempiga George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974, na akafika Dar es Salaam mwaka 1980. Mwaka 1984 aliambiwa ana Parkinson. Mwaka 1996 dunia ilimwona akiwasha moto wa Olimpiki huko Marekani huku mkono unatetemeka. Alifariki mwaka 2016. Hesabuni wenyewe aliishi miaka mingapi na ugonjwa huo.

Sasa tuje kwenye maumivu, maana hili ndilo watu wengi hawalijui. Wengi hudhani Parkinson ni kutetemeka tu. Hapana. Unauma.

Tunamfahamu mzee mmoja mvuvi wa upande wa Matema. Bega lake la kulia lilianza kuuma zaidi ya mwaka mmoja kabla mkono haujatetemeka. Yeye alisema ni kazi ya kasia. Akanunua vidonge vya baridi yabisi dukani, akachuliwa, akachanjwa chale, wapi! Baadaye vidole vikashindwa kufunga fundo la wavu. Ng'ombe mmoja alikuwa ameshauzwa kwa ajili ya matibabu yasiyohusika. Siku alipofikishwa kwa daktari ndipo ilipojulikana kwamba bega halikuwa na kosa. Misuli yake ilikuwa imekakamaa kwa sababu ya ugonjwa wa ubongoni.

Maumivu hayo hayafanani. Yako ya misuli kukakamaa, hasa begani, shingoni na kiunoni. Yako ya mguu kubanwa na vidole kujikunja vyenyewe, na haya hupenda kuja alfajiri, wakati dawa ya jana imekwisha nguvu mwilini. Wengine husikia kuwaka moto au ganzi. Mgonjwa akikuambia anaumwa, msadiki, hata kama huoni kidonda.

Dawa kubwa ya ugonjwa huu inaitwa levodopa. Haiponyeshi, lakini humrudishia mgonjwa uwezo wa kutembea na hupunguza maumivu yatokanayo na kukakamaa. Haipatikani katika kila zahanati, na bei yake kwa mkulima siyo ndogo. Hilo tuseme wazi. Anzeni Hospitali ya Wilaya ya Kyela. Ikibidi, mtaandikiwa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya. Akishaanza dawa, asiache ghafla hata kama anajisikia nafuu. Kuacha ghafla kunaweza kumletea hatari kubwa.

Dawa hii hufanya kazi vizuri ikimezwa nusu saa kabla ya kula. Samaki, nyama na maharage yakiwa tumboni huweza kuichelewesha. Lakini msimnyime mzee usipa wake! Abadilishe saa tu. Kama dawa inamtia kichefuchefu, ale kipande cha ndizi pamoja nayo.

Hapa kalamu ina kazi. Mke wa yule mvuvi alijifunza kusoma ukubwani. Alichukua daftari akaandika kila siku namna hii: "Saa 12 asubuhi, vidole vya mguu vimejikunja, analia. Saa 1, amemeza dawa. Saa 2, anatembea. Saa 6, bega limeanza tena." Baada ya wiki mbili akampelekea daktari daftari lile. Daktari aliona mara moja kwamba maumivu yanakuja dawa inapokwisha, akapanga upya saa za kumeza. Mgonjwa mwenyewe asingeweza kukumbuka yote hayo akiwa mbele ya meza ya daktari. Nani anaweza?

Nyumbani pia kuna mengi ya kufanya. Kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa, kiwekwe begani. Asubuhi mgonjwa asimame karibu na ukuta, apandishe vidole taratibu ukutani mpaka mkono unyooke. Atembee kila siku akirusha mikono. Mguu ukigoma kwenda, kama umegandishwa chini, msimvute. Mchoreeni mstari ardhini auruke, au aimbe wimbo wa kanisani na kufuata mapigo yake. Utashangaa mguu unavyoondoka. Parasetamoli inaweza kusaidia, lakini mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku moja, na mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza.

Choo kigumu nacho humtesa na kuongeza maumivu ya tumbo. Maji mengi, mapapai na mboga za majani. Kwenye mtumbwi asiende peke yake, na moto wa jikoni uwe mbali na anapopita.

Jambo jingine ni heshima yake. Anajibu polepole na sauti yake ni ndogo, basi watoto hujibu kwa niaba yake. Vikao vya ukoo hupita bila yeye kuulizwa. Kisha mzee anakaa kimya siku nzima, halali, hataki kula. Huzuni ya namna hiyo ni sehemu ya ugonjwa na ina matibabu, mwambieni daktari. Na mkimuuliza neno, subirini jibu.

Mwisho tuzungumzie upupu. Mbegu za upupu, huu huu unaotuwasha shambani, zina levodopa ndani yake. Wataalamu wa India waliitambua mwaka 1937. Lakini kiasi chake hutofautiana mbegu hadi mbegu. Anayejipikia mwenyewe anaweza kutapika, kuanguka kwa kizunguzungu, au kuona vitu ambavyo havipo, hasa akichanganya na dawa ya hospitali. Kama mzee wenu ameshaanza kuutumia, msimfiche daktari. Vilevile mgonjwa akitapika kwa sababu yoyote na akapewa dawa ya kuzuia kutapika, someni pakiti kwanza. Mkiona jina linaloanza na herufi METOCLO, rudini mkamwambie mganga kwamba mgonjwa wenu ana Parkinson, kwa sababu dawa hiyo humzidishia ugonjwa. Iko nyingine ya kumfaa.