Kitufe kimoja kilinikosesha pesa, chako kitulize leo

Umewahi kuchapa kazi ya mtu usiku, halafu skrini ikazima ghafla? Mimi ilinipata hapa Kasikeu, Makueni, saa nane usiku. Nilikuwa nimefika ukurasa wa kumi na moja wa mahojiano ya mteja, na sijahifadhi hata mmoja. Nikataka kufuta herufi, kidole kikateleza. Kwa laptopu yangu kuukuu, kitufe cha kuwasha kimekaa kando ya Delete. Ikazima. Mteja hakungoja, pesa zikaenda hivyo.

Niliacha chuo, kwa hivyo hii laptopu ndiyo shamba langu. Labda na wewe uko hivyo, na ulihamia Linux Microsoft ilipoacha kuitunza Windows 10 Oktoba 14, 2025. Basi sikiza.

Ukikibonyeza kidogo, kitufe hicho hakikati umeme. Kinatuma tu ujumbe, na mfumo ndio unaoamua kuzima au la. Uambie uamue vingine.

Kwa Linux Mint ya Cinnamon, fungua "System Settings", kisha "Power Management". Tafuta palipoandikwa "When the power button is pressed", uchague "Do nothing". Kwa Ubuntu, ingia "Settings", kisha "Power", utafute "Power Button Behavior", uweke "Nothing".

Kama Linux yako ni ile nyepesi isiyo na menyu hizo, fungua terminali uandike:

sudo nano /etc/systemd/logind.conf

Tafuta mstari wa HandlePowerKey, toa alama ya # iliyo mbele yake, uache hivi:

HandlePowerKey=ignore

Hifadhi, kisha uwashe mashine upya.

Usiogope kwamba haitazimika tena. Ukikifinya kitufe sekunde kadhaa bila kuachilia, itazima tu, hata Linux ikatae. Hiyo iache kwa siku mashine imekwama kabisa.

Sasa mwangaza. Stima ikipotea na betri ni ya kuzeeka, skrini ni kati ya vitu vinavyoinyonya zaidi. Jaribu kwanza vitufe vyenye picha ya jua, ukishikilia Fn. Vikigoma, tafuta bando kabla stima haijapotea, uweke hii:

sudo apt install brightnessctl

Kisha:

sudo brightnessctl set 30%

Usiku ndani ya nyumba, asilimia 30 inatosha kusoma. Ila usiweke sifuri. Kuna laptopu ambazo skrini huwa giza totoro, ubaki ukipapasa vitufe kama mtu anayetafuta kiberiti.

Ni kazi ya dakika kumi hivi. Mimi ningeifanya wiki moja mapema, ningelipwa. Na hata ukishamaliza, zoea Ctrl na S kila aya.