Deni Linalokua Huku Unalilipa

Mchukulie daktari kijana aliyekulia Longbridge, kusini mwa Birmingham, na ambaye bado anaishi kwa wazazi wake huko. Alianza masomo ya udaktari mwaka 2019, akahitimu 2024, na sasa yuko mwaka wa pili kazini. Kwa viwango vya mwaka wa fedha 2025/26, mshahara wake wa msingi katika NHS, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, ni £44,439, kabla ya nyongeza za zamu za usiku. Kwa viwango hivyohivyo, mkopo wa masomo hukatwa asilimia 9 ya kile tu kinachozidi £28,470, yaani kama £120 kwa mwezi. Baada ya miezi kadhaa ya makato anafungua akaunti yake ya mkopo mtandaoni, akitarajia kuona deni limepungua. Anakuta limeongezeka.

Hesabu haijakosewa. Ada ya chuo ilikuwa £9,250 kwa mwaka. Kwa miaka minne amekopa £37,000, na mwaka wa tano NHS ikamlipia. Kuna pia mkopo wa kujikimu, ambao kwa anayekaa kwao na kustahili kiwango cha juu ulikuwa kati ya £7,500 na £8,200 kwa mwaka, na kuna riba iliyoanza kuhesabiwa tangu fungu la kwanza lilipotolewa. Yote hayo yakijumlishwa, deni linafika kwenye £80,000. Kwa mwaka wa masomo ulioanza Septemba 2025, riba ya chini kabisa kwa kundi lake la wakopaji ni asilimia 3.2, na kwa deni hilo inazaa £2,560 kwa mwaka. Yeye kwa mwaka mzima anakatwa £1,437. Tena kadiri mshahara unavyopanda ndivyo riba nayo inavyopanda, hadi asilimia 6.2.

Katika kazi yangu ya ushauri nasaha nimeona kwamba £120 haimkoseshi mtu usingizi. Kinachomkosesha usingizi ni ile tarakimu inayonenepa. Mlinganishe na daktari wa Dar es Salaam anayelipa Bodi ya Mikopo. Huyo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake, na tangu tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilipofutwa mwaka 2021, kila makato yanalipunguza deni kweli. Wa Longbridge anakatwa takriban pauni 3 katika kila 100 za mshahara wake. Mzigo wa Mtanzania kwa mwezi ni mzito mara kadhaa, lakini anauona mwisho wake. Ukiniuliza ni nani kati yao analala vizuri zaidi, sitathubutu kusema ni wa Birmingham.

Utafiti mmoja wa Singapore, uliochapishwa mwaka 2019, unasaidia kulielewa jambo hili. Watafiti walizifuatilia familia za kipato cha chini ambazo shirika la hisani lilizifutia madeni. Miongoni mwa waliofutiwa kiasi kilekile cha fedha, wale ambao idadi kubwa zaidi ya madeni yao ilifungwa kabisa walifanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya kufikiri, na wasiwasi wao ukapungua zaidi. Akili, kwa maneno mengine, huhesabu milango iliyo wazi kuliko inavyohesabu pesa. Mkopo wa udaktari ni mlango unaoweza kubaki wazi kwa miaka 30. Ndiyo maana kumwambia kijana huyu “usijali, wote wanadaiwa” hakumsaidii chochote.

Kinachomsaidia ni kujua hili ni deni la aina gani. Halina dhamana wala dalali wa kubisha hodi, na haliingii kwenye kumbukumbu za ukopaji ambazo benki huzichungulia, ingawa ukiomba mkopo wa nyumba wataangalia makato yako ya kila mwezi. Ukifa, linafutwa; hawarithishwi wazazi. Kwa kundi lake, salio lolote lililobaki miaka 30 baada ya Aprili ya kwanza tangu kuhitimu nalo linafutwa. Walioanza chuo tangu Agosti 2023 wamewekewa masharti mengine: makato yanaanzia £25,000, riba haizidi kasi ya mfumuko wa bei, na deni halifutwi hadi ipite miaka 40.

Kubwa kuliko yote, mshahara ukikoma, makato nayo yanakoma. Longbridge ndipo mahali pa kulielewa jambo hili. Kiwanda cha magari alichokianzisha Herbert Austin mwaka 1905 kililisha eneo hili kwa miaka 100, hadi MG Rover, kampuni iliyokuwa ikikiendesha, ilipoanguka Aprili 2005 na watu wapatao 6,000 wakapoteza kazi. Mikopo ya nyumba ya wafanyakazi wale haikusubiri wapate ajira nyingine. Leo juu ya ardhi ileile kuna maduka, nyumba mpya na chuo, na vijana hupanda treni pale kwenda stesheni ya University, jirani na kitivo cha udaktari na Queen Elizabeth Hospital. Daktari naye siku hizi anaweza kukosa kazi, kwa kuwa baada ya miaka miwili ya mwanzo waombaji wa nafasi za ubingwa ni wengi kuliko nafasi zenyewe. Likimpata hilo, atakuwa na shida nyingi, lakini mkopo wa masomo hautakuwa mojawapo.

Sisi tumelelewa kwamba dawa ya deni ni kulipa, na hapa ndipo wengi wanapojiumiza. Nimewaona wanaojinyima chakula kizuri ili wapeleke £200 za ziada kwenye mkopo huu, huku salio la benki liko chini ya sifuri na kadi ya mkopo inawatafuna kwa riba ya zaidi ya asilimia 20. Huko ni kumlipa asiyekudai leo na kumkimbia aliyesimama mlangoni. Yafunge kwanza madeni madogo yenye meno, moja baada ya jingine. Hesabu inataka hivyo, na akili, kama Singapore ilivyoonyesha, inapumua kila mlango mmoja unapofungwa.

Lakini sitaki kuwadanganya madaktari. Wahitimu wengi wa fani nyingine watafutiwa sehemu ya deni. Daktari huenda asifutiwe. Kwa viwango vya 2025/26 daktari bingwa huanzia £109,725, na kwa mshahara huo makato yanapita £600 kwa mwezi. Hizo ni pesa za kweli, na swali la kulipa mapema lina maana wakati huo, ukiwa na akiba na madeni mengine yote yameisha. Mwaka wa pili kazini bado halina maana.

Mwaka mgumu kuliko yote, kwa maoni yangu, huja kabla ya kuhitimu. Mwaka wa tano NHS inapochukua ada, mkopo wa kujikimu hupunguzwa, na ruzuku inayowekwa badala yake mara nyingi haizibi pengo. Pesa zinapungua mwaka uleule ambao zamu za wodini hazimwachii mwanafunzi muda wa kibarua. Chama cha madaktari, BMA, kimelipigia kelele jambo hili. Mfuko wa Royal Medical Benevolent Fund, ulioanzishwa 1836, husaidia madaktari na wanafunzi waliokwama, na baadhi ya wanaostahili hawaombi kwa sababu ya aibu.

Kwa Waislamu, ambao kwa sensa ya 2021 ni karibu asilimia 30 ya wakazi wa Birmingham, tatizo halitatuliwi na kikokotoo. Serikali ilikusanya maoni mwaka 2014 kuhusu mkopo usio na riba, sheria ya 2017 ikaipa uwezo wa kuuanzisha, na kizazi kizima kimehitimu bila kuuona. Kutoa fatwa si kazi yangu. Ushauri wangu ni kumpelekea shekhe unayemwamini masharti yenyewe yaliyoandikwa, badala ya kubaki na kauli za jikoni. Anayedhani amekula haramu kwa miaka mitano amebeba hatia, na hatia haitibiwi kwa kuambiwa kwamba makato ni madogo.

Halafu kuna simu kutoka nyumbani. Kwa shangazi aliyeko Mombasa au Tanga, mtoto amekuwa daktari Uingereza, basi mambo yamenyooka. Kwa familia nyingi kinachotumwa kila mwezi kinazidi makato ya mkopo, na hakina kiwango cha kuanzia wala mwaka wa kufutwa. Nawashauri waitaje ile tarakimu inayoingia mkononi baada ya makato yote: “Shangazi, baada ya kodi, pensheni na mkopo, hiki ndicho kinachobaki.” Wengi hushangaa jinsi wakubwa wanavyoelewa.

Yote haya yanamhusu mwenye ukaazi unaomruhusu kukopeshwa. Aliyefika kwa viza ya mwanafunzi hakopeshwi na serikali. Deni lake ni shamba lililouzwa au mjomba aliyechukua mkopo benki, na faraja niliyoieleza hapo juu si yake.

Ukishindwa kulala, kushika masomo au kula, usingoje. BMA ina washauri wa simu saa 24, bure, kwa madaktari na wanafunzi wa udaktari, hata wasio wanachama. Practitioner Health, iliyoanza 2008, huhudumia madaktari kwa siri, na unajipeleka mwenyewe. Hofu kwamba Baraza la Madaktari, GMC, litamnyima usajili aliyewahi kutibiwa msongo haina msingi. Baraza hutazama kama mtu anaweza kutibu wagonjwa kwa usalama.

Kuna jambo dogo la mwisho. Makato hayapaswi kuanza hadi Aprili inayofuata kuhitimu, lakini madaktari wapya huanza kazi Agosti na baadhi hukatwa kabla ya wakati. Angalieni karatasi ya mshahara kila mnapohamishwa hospitali. Kilichokatwa mapema hurudishwa na Student Loans Company, shirika linalosimamia mikopo hii, ukiwadai.